Joto na shibe: kinachomaliza betri ya lithiamu kwenye gari la kambi

Betri nyingi za lithiamu zinazouzwa siku hizi kwa ajili ya sola na magari ya safari zimebandikwa idadi ya mizunguko: 3000, 4000, nyingine hadi 6000. Mzunguko mmoja ni kuitumia betri ikaisha na kuijaza tena. Mnunuzi akiiona namba hiyo, na akikumbuka betri yake ya maji iliyokufa baada ya misimu miwili, anatoa pesa. Kisha anaanza kuionea huruma. Hataki ishuke chini ya nusu, na kila ikipungua kidogo anaikimbizia chaja.

Tupige hesabu. Chukua mtu wa Arusha mwenye Land Cruiser iliyofungwa hema juu ya keria, anayelala porini usiku 60 kwa mwaka. Kwa mtu mwenye kazi na familia, hizo ni nyingi. Kila siku ya kambi anatumia nusu ya betri. Nusu mara 60 ni mizunguko 30 kamili kwa mwaka. Kwa mizunguko 3000, betri hiyo ingemtumikia miaka 100. Haitafika huko, wala haitafika robo yake, na kitakachoizuia si yale matumizi. Ni zile siku 305 nyingine, ambazo betri imekaa tu ndani ya gari, imejaa pomoni, gari liko juani.

Betri ya lithiamu huzeeka kwa njia mbili: kwa kutumika, na kwa kuishi tu. Anayeishi ndani ya gari mwaka mzima, kama walivyo baadhi ya wazee wastaafu wa Marekani na Kanada, ana haki ya kuhesabu mizunguko. Sisi wa wikendi na likizo tunapaswa kuhesabu siku za joto.

Nizungumzie hasa betri za lithiamu fosfati ya chuma, zile ambazo mafundi huziita LFP au LiFePO4. Madini yake ya upande wa chanya yalionyeshwa katika miaka ya 1990 na maabara ya John Goodenough, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Mwaka 2019 Goodenough aligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia na M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi yao ya kuzaa betri za lithiamu. Aina hii inabeba umeme kidogo kuliko ile ya kwenye simu ukilinganisha kilo kwa kilo, lakini oksijeni yake imeshikwa kwa nguvu na fosforasi, hivyo hata ikipata joto kali si rahisi kuiachia ikachochea moto. Kwa mtu anayelala na watoto wake mita moja na nusu juu ya betri, hilo ni jambo kubwa.

Abiria wa Kigamboni

Ili uelewe kinachoizeesha, fikiria kivuko cha Magogoni na Kigamboni pale Dar es Salaam. Seli ya betri ina pande mbili zilizotenganishwa na kimiminika: fosfati ya chuma upande huu, grafiti upande ule. Ayoni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, ndizo abiria. Unapochaji, abiria wanavushwa kwenda Kigamboni, yaani kwenye grafiti. Unapotumia umeme, wanarudi Magogoni. Elektroni zao hazipandi pantoni. Zinazunguka kwa barabara kupitia Daraja la Nyerere, na ni huko barabarani zinakowasha taa na kuzungusha friji yako.

Uwezo wa betri ni idadi ya abiria walio tayari kuvuka. Betri iliyokuwa ya ampea-saa 100, yaani inayoweza kutoa ampea moja kwa saa 100, ikibaki na 80, kwa sehemu kubwa ni kwamba abiria mmoja katika kila watano hapatikani tena. Ameenda wapi? Pale ng'ambo, juu ya grafiti, kuna utando mwembamba uliojengeka betri ilipochajiwa mara ya kwanza kiwandani. Utando huo ni wa lazima, kwa sababu bila huo grafiti na kimiminika vingeendelea kulana hadi seli ife. Lakini umejengwa kwa lithiamu, na haukomi kunenepa. Unanenepa polepole maisha yote ya betri, na kila unaponenepa unameza abiria. Aliyemezwa harudi.

Vitu viwili vinauharakisha. Cha kwanza ni joto. Katika kemia kuna kanuni ya kukadiria kwamba mchakato wa namna hii huenda kasi mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Betri iliyokaa kwenye nyuzi 45 itazeeka kwa takriban mara nne ya ile iliyokaa kwenye 25. Cha pili ni msongamano upande wa Kigamboni, yaani betri iliyojaa. Grafiti iliyosheheni lithiamu ina hamu kubwa zaidi ya kukila kile kimiminika kuliko iliyojaa nusu. Ukiviweka viwili hivyo pamoja, joto na shibe, umeiweka betri mahali pabaya kuliko pote, hata kama hakuna taa moja inayowaka.

Joto linakoingilia

Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani Dar mwezi Februari, wakati nje ni nyuzi 32, ndani hupita nyuzi 50 bila shida. Watengenezaji wengi wa betri za LFP huruhusu kuchaji kati ya nyuzi 0 na 45 tu. Maana yake ni kwamba mchana wa kawaida wa pwani unaweza kuivusha betri kwenye mpaka wake, na paneli ya juu ya keria inaendelea kuisukumia umeme saa ileile.

Chini ya boneti, palipokuwa na betri ya maji, si mahali kabisa pa betri ya LFP ya kambi. Kinachonisumbua zaidi ni makosa yasiyoonekana. Nimeona magari yaliyotengenezwa vizuri mno, makabati ya mbao safi, droo zinateleza, lakini betri imefichwa nyuma ya friji. Friji ya kompresa haiumbi ubaridi, inahamisha joto kutoka ndani kwenda nje, na feni yake inalipuliza pale nyuma. Betri inachomwa usiku na mchana na kifaa ambacho yenyewe inakilisha. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, nayo mara nyingi hufungwa ubavuni mwa betri ili waya uwe mfupi. Waya mfupi ni jambo jema, ila acha nafasi ya kiganja kati yao na hewa ipite.

Mahali pazuri ni chini, ndani ya kabini, nyuma ya kiti, upande usio na bomba la ekzosi chini yake. Weka pazia la kung'aa kwenye kioo kilicho karibu nayo. Usiifunike blanketi ukidhani unaikinga, kwa sababu ikishapata moto blanketi litauhifadhi. Na bandika kipimajoto kidogo ubavuni mwake. Ni kifaa cha bei ndogo kitakachokupa habari ambazo hakuna skrini ya chaja inayokupa, maana chaja nyingi hupima joto lao wenyewe.

Kuchaji kwenyewe pia kunazaa joto. Kwa betri ya ampea-saa 100, ampea 20 hadi 50 ni mwendo wa afya. Kama una siku nzima, 20 zinatosha.

Betri ya maji ilitufundisha vibaya

Wengi wetu tumekulia kwenye betri za risasi na tindikali, za maji na zile tunazoziita kavu. Hizo hufa kwa njaa. Ukiiacha ikiwa nusu, salfeti inaganda kwenye sahani zake na kuwa fuwele ngumu, na uwezo unapotea. Ndiyo maana tuliambiwa: ijaze, ijaze tena, usiiache chini. Chaja na vidhibiti vya sola vilitengenezwa kwa imani hiyohiyo. Vina hatua ya kushikilia betri ikiwa imejaa kwa volti 13.8 siku zote, hatua ya kuisawazisha kwa volti 15 na zaidi kila baada ya wiki kadhaa, na fidia ya joto inayopandisha volti wakati wa baridi.

Lithiamu haina salfeti. Kukaa nusu hakuidhuru hata kidogo. Kwa kweli nusu ndipo inapopumzika vizuri zaidi. Ila fundi akichomoa betri ya maji na kuchomeka ya lithiamu bila kugusa mipangilio, betri mpya inarithi malezi ya marehemu.

Nilijifunza hili kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita kama 2300 juu ya usawa wa bahari, mwezi Julai. Usiku ulikuwa na baridi kali kiasi kwamba tulizima friji, kwa hiyo asubuhi betri ilikuwa bado imejaa. Jua lilipopiga paneli, chaji ikaanza kukatika, inarudi, inakatika. Skrini ilisoma volti 14.8, na betri za namna hii mwisho wake ni 14.6. Nilidhani betri ni mbovu. Baadaye nilipokaa chini na kalamu nikaelewa: kidhibiti kilikuwa bado kinaamini kinalisha betri ya maji. Fidia ya kawaida ya betri ya maji ya volti 12 ni kama milivolti 24 kwa kila nyuzi chini ya 25. Hewa ilikuwa karibu nyuzi 10. Nyuzi 15 mara 24 ni karibu volti 0.36, ukijumlisha na 14.4 ya kawaida unaipata ile 14.8 kasoro kidogo. Bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ambayo mafundi huiita BMS, ndiyo iliyokuwa inakata ili kuziokoa seli. Ilifanya kazi yake, lakini bodi hiyo ni ukuta wa mwisho, na si haki kuifanya iwe swichi ya kila siku.

Kwa hiyo, kwa kifaa chochote kinachochaji betri ya LFP ya volti 12: zima hatua ya kusawazisha, zima fidia ya joto, zima kile kinachoitwa kuondoa salfeti. Volti ya kujaza iwe kati ya 14.0 na 14.2. Volti ya kushikilia iwe 13.4 au 13.3, ili mchana friji ile umeme wa paneli na betri iteremke kidogo kutoka kileleni.

Hapa kuna jambo ambalo husemwa vibaya sana. Watu huambiwa kwamba wakipunguza volti ya kujaza, tuseme hadi 13.8, betri itaishia asilimia 80. Si kweli. Volti za LFP ni tambarare mno: kutoka asilimia 90 hadi 40 tofauti ni kama volti 0.2 tu. Ukiipa volti 13.8 na muda wa kutosha, itajaa karibu yote. Inachukua muda mrefu zaidi, basi. Anayetaka kweli kuishia asilimia 80 anahitaji kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka, kile kinachofungwa kwenye waya wa hasi na kuitwa shanti. Kwa sababu ileile, usimwamini anayekuonyesha asilimia za betri kwa kusoma volti peke yake. Unaweza kuona 13.2 ukiwa na umeme wa siku mbili, ukaona 13.0 ukiwa na umeme wa saa chache.

Safari yenyewe inavyoshibisha

Watu wengi wakipanga umeme wa kambi wanaogopa kupungukiwa. Kwa safari zetu tatizo huwa ni kinyume. Betri moja ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1280. Friji ya lita 40 kwenye joto la Serengeti inaweza kula 400 hadi 500 kwa siku, taa na simu na chaji za kamera 150 hivi. Jumla ni nusu ya betri. Sasa mtazame mtu aliyepiga kambi Seronera, katikati ya Serengeti. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi kutafuta chui, gari linanguruma saa tatu au nne, na chaja ya ampea 30 inayochukua umeme kwa altaneta inampa karibu wati 400. Saa tatu asubuhi betri imeshajaa. Paneli ya wati 200 juu ya keria ndiyo kwanza inaamka. Kuanzia hapo hadi magharibi betri inashikiliwa kileleni, ndani ya gari linalopikwa na jua.

Dawa yake ni kuchagua chanzo. Siku za kuzunguka na gari, mimi huzima chaja ya altaneta ikishafika asilimia 80 hivi, na paneli namwachia friji. Siku ya kukaa kambini bila kuwasha gari, paneli inafanya kazi peke yake na inatosha.

Usiunge betri ya lithiamu moja kwa moja na altaneta kwa waya mnene na relei, kama tulivyozoea kufanya na betri mbili za maji. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, hivyo inavuta kila ampea inayopata. Altaneta inayolazimishwa kutoa karibu uwezo wake wote huku gari likitambaa, na feni yake inazunguka polepole, inaungua. Na siku bodi ya ulinzi itakapokata ghafla, volti za altaneta zinaruka na zinaweza kuondoka na diodi zake. Chaja ya betri-kwa-betri, kama ile ya ampea 30, inakaa katikati na kuweka kikomo. Si anasa.

Ila betri isiyojazwa kamwe nayo ina ugonjwa wake. Ndani ya betri ya volti 12 kuna seli nne zilizopangwa mstari mmoja. Hazilingani kabisa, na kadiri miezi inavyopita moja inatangulia, nyingine inabaki nyuma. Bodi ya ulinzi inasawazisha kwa kumwaga umeme kidogo wa seli iliyotangulia, lakini nyingi huanza kazi hiyo volti zikiwa juu, karibu na kujaa, kwa sababu chini ya hapo seli zote zinaonekana sawa. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, au kabla ya safari ndefu, ijaze kabisa hadi 14.2 au 14.4 na uiache saa moja au mbili hapo. Chagua asubuhi yenye ubaridi, kisha itumie, usiilaze hivyo.

Barabara zetu nazo zina lao. Kutoka lango la Naabi hadi Seronera kuna matuta madogo madogo yaliyojipanga kama bati, na mtetemo wake unalegeza nati yoyote. Nati ya betri iliyolegea inapitisha umeme kwa shida, inachemka, na joto hilo linaingia moja kwa moja kwenye seli ya pembeni. Nikirudi nyumbani, spana namba 13 ndiyo kifaa cha kwanza ninachoshika. Usiku wa safari gusa vituo kwa mkono baada ya friji kufanya kazi saa nzima. Vikiwa vya moto kuliko mwili wa betri, kuna kitu hakijakazwa.

Birika la umeme sitalizungumza sana: wati 2000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 160, na bodi nyingi za betri ya ampea-saa 100 hukata kwenye 100. Chemsha chai kwa gesi.

Baridi pia nitaipitia kwa ufupi, kwa sababu hapa Afrika Mashariki baridi si adui yetu. Chini ya nyuzi 0 grafiti inakuwa mzito wa kupokea, na abiria wanaoshushwa wanarundikana gatini badala ya kuingia mjini: lithiamu inageuka chuma juu ya grafiti, hasara isiyorudi na yenye hatari. Hata Julai Ngorongoro betri iliyo ndani ya gari haifiki huko. Lakini ndugu zetu walio Minnesota au Alberta, wenye magari ya nyumba, wahakikishe betri ina kinga ya kukata chaji kwenye baridi na ikiwezekana pedi ya kuipasha moto. Kutumia umeme kwenye baridi kunaruhusiwa, kuchaji hapana.

Gari linapolala

Ukirudi safari na hujui utatoka tena lini, usiipeleke betri kwenye chaja. Iache kwenye asilimia 50 au 60, kisha ikate kabisa kwa swichi ya betri. Kuzima inveta kwa kitufe chake hakutoshi kama bado imeungwa, na inveta iliyoachwa wazi bila mzigo inaweza kula wati 10 hadi 20 saa zote, ambayo inamaliza nusu ya betri ya ampea-saa 100 kwa siku moja hadi tatu. Kifaa cha kufuatilia gari nacho kiungwe kwenye betri ya kuwashia injini, si hii. Paneli ya juu ya keria ifunike au uikate. Kama unaweza kuichomoa betri na kuiweka ndani ya nyumba, sakafuni, kwenye chumba kisichopata jua la mchana, huo ni upendeleo mkubwa kuliko chaja yoyote ya bei.

Betri iliyokatwa hivyo inapoteza asilimia chache tu kwa mwezi. Iangalie kila baada ya miezi mitatu. Ukiikuta imeshuka hadi bodi imekata, ichaji polepole kwa ampea chache hadi ipite volti 12. Lakini kama seli yoyote imekaa muda chini ya volti 2, iache. Shaba ya ndani yake huwa imeanza kuyeyuka, na ukiichaji inaweza kujenga njia ya mkato ndani ya seli.

Mara moja kwa mwaka, ipime uzee wake. Ijaze kabisa, iache itulie saa moja, kisha iunge na mzigo unaoujua: balbu mbili za gari za wati 55 zinafaa, zikiwa zimening'inizwa hewani mbali na kitu chochote kinachoungua. Zinavuta ampea 9 hivi. Kama una shanti, itakuhesabia. Kama huna, andika saa ya kuanza, na betri ikifika volti 12 andika saa ya kumaliza. Betri mpya ya ampea-saa 100 itawasha balbu hizo karibu saa 11. Andika jibu kwa peni kwenye ubavu wa betri, pamoja na tarehe na nyuzi joto za siku hiyo, na mwakani upime kwa balbu zilezile.